Mkesha wa Mwaka Mpya wa Kichina: Familia Inapojihesabu

Ndugu wazazi, walimu wenzangu, wageni waalikwa, na ninyi vijana mnaojiandaa kwenda masomoni China,

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie desturi za familia za Kichina wakati wa sikukuu yao kubwa ya jadi, nami nimeona vema nijifunge katika sikukuu moja tu, ile ambayo Wachina wenyewe huiita Chunjie na ambayo sisi tumezoea kuiita Sikukuu ya Mchipuko au Mwaka Mpya wa Kichina. Wengi wetu huku tunaifahamu kwa ngoma za simba na joka, taa nyekundu na fataki, kwa sababu hayo ndiyo yanayoonekana barabarani na kwenye televisheni. Leo nataka kuwaingiza ndani ya nyumba, kwa kuwa naamini kwamba kiini cha sikukuu hii ni hesabu. Mara moja kwa mwaka familia hukaa ikajihesabu: walio hai na waliokufa, waliorudi na walioshindwa kurudi, waliooa na walioolewa, wanaodai na wanaodaiwa. Asiyelijua hilo ataona chakula kingi na kelele nyingi. Anayelijua ataelewa kwa nini mfanyakazi wa kiwandani yuko tayari kusimama ndani ya treni usiku kucha ili asikose mlo mmoja.

Nianze na tarehe, maana huwasumbua watu. Mwaka wa jadi wa Kichina hufuata mwezi mwandamo, kama ule wa Kiislamu, lakini haukubali kuachana na majira. Mwaka wa Kiislamu una miezi 12 ya mwandamo bila nyongeza, na ndiyo maana Idi hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, mara ikutane na kaskazi, mara na kusi. Wachina huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19, ili sikukuu isihame mwishoni mwa majira ya baridi. Kwa hiyo Mwaka Mpya wao huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Mwaka ulioanza tarehe 29 Januari 2025 ulikuwa na mwezi huo wa nyongeza, na kwa sababu hiyo uliofuata ulianza tarehe 17 Februari 2026. Mkulima wa kale alikuwa na sababu nzuri ya kuusubiri wakati huo: mavuno yamekwishaingia ghalani, ardhi ya kaskazini imeganda, na hakuna kazi ya shambani ya kumwita mtu mbali na nyumba yake. Jina la Chunjie lenyewe si la kale sana. Jamhuri ya China ilipoanza kutumia kalenda ya Kimagharibi mwaka 1912, tarehe 1 Januari ikawa mwaka mpya wa serikali, na mwaka 1914 ule wa wananchi ukapewa rasmi jina la sikukuu ya majira ya mchipuko.

Maandalizi huanza mapema, katika mwezi wa 12 wa kalenda hiyo. Siku ya 8 hupikwa uji wa laba, wenye nafaka za aina nyingi, maharage, karanga na kunazi zilizokaushwa. Na kaskazini watu huloweka vitunguu saumu ndani ya siki, ambavyo baada ya siku kadhaa hugeuka rangi ya kijani na kungojea chakula cha mkesha. Lakini siku ninayotaka mwitazame kwa makini ni ya 23 kwa watu wa kaskazini, na ya 24 kwa wengi wa kusini, ambayo huagwa Zao Jun, mlinzi wa jiko. Picha yake hubandikwa ukutani karibu na jiko mwaka mzima, na imani ya jadi inasema kwamba kutoka hapo huona na kusikia kila kinachotendeka ndani ya nyumba: nani kamnyima mwenzake chakula, mama mkwe kamwambia nini mke wa mwanawe. Siku hiyo hupanda mbinguni kutoa taarifa kwa Mfalme wa Jade, mtawala wa mbinguni. Familia humwekea peremende ya kimea, nzito na ya kunata, ili apeleke maneno matamu, au walau meno yake yagandane asiseme mengi; kisha picha huchomwa, na mpya hubandikwa anapokaribishwa tena usiku wa mkesha. Katika maghorofa ya leo nyumba nyingi hazina tena picha hiyo, ila peremende bado inauzwa na bado inaliwa. Naiheshimu desturi hii kwa sababu inakiri jambo ambalo familia nyingi duniani hulikwepa, kwamba hesabu ya mwaka lazima ianzie jikoni, mahali ambapo watu wa nyumba moja hutunzana na kuumizana zaidi kuliko kwingine kokote.

Baada ya hapo nyumba husafishwa kutoka darini hadi chini ya vitanda, nguo mpya hununuliwa, na watu hukata nywele, kwa kuwa wengi huepuka kuzikata katika mwezi wa kwanza. Madeni nayo hulipwa. Zamani mkesha ulikuwa mpaka unaojulikana na wote: mdai aliweza kubisha hodi hadi usiku huo, na mwaka mpya ukishaingia ilikuwa aibu kumfuata mtu mlangoni kwake kumdai. Jambo hili halijafa. Mpaka leo vibarua wa ujenzi waliotoka vijijini hutarajia kulipwa malimbikizo ya ujira wao kabla ya sikukuu, na kila inapokaribia mamlaka za serikali hutoa maagizo ya kuwabana waajiri wanaochelewesha malipo, kwa sababu mzazi aliyekaa mjini mwaka mzima hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu.

Mchana wa mkesha hubandikwa karatasi nyekundu milangoni, zenye mishororo miwili ya maandishi, mmoja kila upande wa mlango, na maneno machache ya kheri juu yake. Idadi ya maneno lazima ilingane na maana ziitikiane, na aliyelelewa na vina na mizani vya mashairi ya Kiswahili hatapata taabu kuona kwa nini mzee wa kijiji mwenye mkono mzuri wa kuandika kwa brashi huombwa na majirani wote wiki hiyo. Ila mtazame mlango vizuri. Katika sehemu nyingi, nyumba iliyofiwa na mzazi haibandiki nyekundu mwaka huo. Huacha mlango mtupu au hutumia karatasi ya rangi nyingine, kama vile nyeupe, manjano au kijani, kwa jinsi desturi ya mahali inavyoelekeza. Mpita njia akiona hivyo hujua kwamba hesabu ya nyumba ile imepungua mtu, na atajua namna ya kusalimu.

Sasa tuingie ndani, usiku wa mkesha, ambao kwangu ndio sikukuu yenyewe. Kabla walio hai hawajala, waliokufa hukaribishwa. Namna ya kuwakaribisha hutofautiana sana. Katika vijiji vya mkoa wa Shandong, mashariki mwa China, watu wa ukoo huenda alasiri makaburini, au hata kwenye njia inayoelekea makaburini, kuwaalika wahenga waje nyumbani. Na ukutani hutundikwa karatasi kubwa yenye majina ya vizazi vya ukoo, wa kale zaidi juu na wa karibuni chini, huku nafasi zikiachwa wazi kwa watakaofuata. Mbele yake huwekwa vyakula, mvinyo na vijiti vya udi. Kusini, hasa Guangdong na Fujian, koo nyingi zina majumba maalumu ya wahenga yenye vibao vya majina, na sadaka hupelekwa huko au kwenye meza ndogo ndani ya nyumba. Mjini, ambako hakuna kaburi karibu wala ukuta wa kutosha, familia nyingine hutenga bakuli na vijiti vya kulia kwa ajili ya babu au nyanya aliyefariki, wakakaa kimya kidogo, kisha wakaanza kula. Najua kwamba hapa baadhi yenu mnajiuliza kuhusu dini yenu. Mgeni wa imani nyingine halazimiki kuchoma udi wala kuinama. Akisimama kando kwa adabu mpaka wenyeji wamalize, hakuna atakayemlaumu.

Jambo hili la marehemu na mahali pao linatugusa sisi wa Tanzania moja kwa moja. Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yapo makaburi ya wataalamu wa Kichina waliofariki wakiwa katika kazi ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na inapofika Qingming, siku ya kuzuru makaburi mwanzoni mwa Aprili, Wachina walioko hapa huenda kuwawekea maua. Nimewahi kusikia watu wakishangaa kwa nini ziara hiyo inapewa uzito mkubwa kiasi kile baada ya miaka mingi. Ukishaona jinsi familia ya Kichina inavyowaalika waliofariki mezani usiku wa mkesha, utaelewa ni nini maana ya kuwa na baba aliyezikwa ng'ambo ya bahari, ambaye hakuna mtoto anayeweza kutembea hadi kaburini kwake kumwita.

Baada ya wahenga, meza ni ya walio hai. Viti havikaliwi ovyo. Mkubwa wa nyumba hukaa mahali pa heshima, mara nyingi pale panapotazamana na mlango, na hakuna anayegusa chakula kabla yake. Kaskazini, ambako ngano ndiyo chakula kikuu, mkesha hauna maana bila jiaozi, yaani vifuko vidogo vya unga wa ngano vilivyojazwa nyama iliyokatwakatwa na mboga, kisha vikachemshwa. Ningependa mzingatie utengenezaji wake kuliko ladha yake. Mmoja hukanda unga, wa pili husukuma viduara, watatu na wanne hujaza na kufunga, na mtoto hupewa kazi ya kuvipanga. Kazi hiyo huchukua saa nzima au zaidi, mikono ina shughuli na midomo iko huru, na hapo ndipo habari za mwaka mzima husemwa. Familia iliyonikaribisha Shandong wakati wa masomo yangu iliniweka kwenye kufunga, na vifuko vyangu vilifunguka majini vyote, lakini vililiwa kama vya wengine na nyanya wa nyumba ile akaviombea nafasi kwenye sahani yake. Katika kimoja cha vifuko hufichwa sarafu iliyosafishwa vizuri, na atakayeipata husemwa atakuwa na mwaka wa neema. Nyanya yeyote anayejua kazi yake huhakikisha sarafu hiyo inafika kwa mjukuu anayeihitaji.

Kusini ya mto Yangtze jiaozi si lazima. Huko hupikwa mikate ya mchele wa kunata iitwayo niangao, na vidonge vya unga wa mchele vyenye utamu ndani. Sichuan hutundikwa soseji na nyama zilizokaushwa kwa moshi tangu mwezi wa 12. Kinachokutwa karibu kila mahali ni samaki mzima, ambaye jina lake kwa Kichina husikika sawa na neno la ziada, na kwa hiyo huachwa bila kumalizwa ili mwaka unaokuja uwe na cha kubaki.

Baada ya kula watu hukesha. Tangu mwaka 1983 televisheni ya taifa hurusha tamasha refu la nyimbo na michezo ya kuigiza usiku huo, na hata wanaolilalamikia huliacha likiendelea chumbani wakati wazee wanacheza karata na watoto wanasinzia. Watoto hupewa fedha ndani ya bahasha nyekundu. Zamani zilikuwa sarafu zilizotungwa katika uzi mwekundu na kuwekwa karibu na mto wa kulalia, ili kumkinga mtoto na mabaya usiku ule mwaka unapobadilika, na ni vizuri kulikumbuka hilo, kwa kuwa siku hizi bahasha zimegeuka mzigo kwa wazazi wenye kipato kidogo katika baadhi ya maeneo, ambako kiasi kimepanda kwa kushindana. Watu wa Guangdong, kwa maoni yangu, wameilinda vizuri zaidi: kila mtu aliyeoa au kuolewa humpa bahasha yule ambaye bado, hata mlinzi wa mlangoni, lakini ndani huwa na noti ndogo tu, na hakuna anayeona haya. Tangu mwaka 2014 bahasha hutumwa pia kwa simu kupitia WeChat, programu ya kutumiana ujumbe, na shangazi aliye mbali anaweza kumfikia kila mpwa kwa dakika moja. Inasaidia, ingawa nawaombea watoto wasikose kuipokea kwa mikono miwili kutoka mkononi mwa mtu.

Asubuhi ya siku ya kwanza hakuna kufagia, ili bahati isitupwe nje, na wengi hawashiki kisu wala sindano. Ni siku ya kuamkia wazee wa upande wa baba. Vijijini Shandong bado utawaona vijana wa ukoo mmoja wakizunguka alfajiri nyumba hadi nyumba, wakipiga magoti mbele ya wazee na kuinamisha vichwa, kisha wakiinuliwa upesi na kupewa karanga na peremende. Kila mmoja lazima ajue amwiteje yule aliye mbele yake, maana Kichina hutenganisha babu mzaa baba na babu mzaa mama, kaka mkubwa wa baba na mdogo wake, dada wa baba na dada wa mama. Ninyi mliolelewa na shangazi, mjomba, baba mkubwa na mama mdogo mtaweza mfumo huu mapema kuliko wanafunzi wenzenu wa Ulaya, na wenyeji wataona.

Siku ya pili ni ya mabinti. Binti aliyeolewa hurudi kwao pamoja na mume na watoto, wakiwa na zawadi, na wazazi wake huwaandalia karamu. Ni siku ya furaha kweli, lakini fikirini inachokiri. Mkesha na siku ya kwanza ni mali ya upande wa mume. Katika sehemu nyingi ilisemwa hata kwamba binti aliyeolewa akila mlo wa mkesha kwao atawaletea kaka zake umaskini. Mwanamke huyo huyo ndiye anayesimama jikoni kwa wakwe zake siku nzima ya mkesha, akipika kwa ajili ya wahenga ambao si wake, huku mama yake mzazi akila kilomita mia kadhaa kutoka hapo. Zamani mama huyo alikuwa na wana wa kiume na wake zao kando yake. Kisha ikaja sera ya mtoto mmoja, iliyotekelezwa kitaifa kuanzia mwaka 1980 hadi 2015, na ikaleta swali ambalo wahenga hawakuliandalia jibu: ikiwa mume ni mtoto pekee na mke naye ni mtoto pekee, ni wazazi gani watakaokaa mezani peke yao usiku wa mkesha?

Nimewasikia wenzangu wa Kichina wakizungumza juu ya jambo hili kwa uchungu ambao hawakuonyesha walipokuwa wakizungumza juu ya mishahara au mitihani. Wengine hupokezana, mwaka huu kwa mume na mwaka ujao kwa mke. Wengine hutengana kwa usiku huo, kila mmoja akaenda kwa wazazi wake, na majirani husema maneno. Wengine hukodi meza hotelini mjini wanakoishi na kuwaleta wazee wa pande zote mbili, jambo ambalo wahafidhina hulibeza kwa kusema kwamba mkesha wa hotelini hauna harufu ya nyumbani. Mimi nasimama na hao wa hotelini na wale wanaopokezana. Ikiwa sikukuu ni hesabu ya familia, basi mama wa mke naye ni wa kuhesabiwa, na ukoo unaoheshimu wahenga wake hauwezi kumwacha mzee aliye hai ale peke yake kwa sababu tu alizaa binti.

Hesabu hiyo hugharimu safari. Kipindi cha usafiri wa sikukuu hudumu siku 40, takriban siku 15 kabla ya Mwaka Mpya na 25 baada yake, na mwaka 2025 kilikuwa na safari zipatazo bilioni 9, nyingi zikiwa za magari ya watu binafsi na zaidi ya milioni 500 za treni. Idadi hiyo imetokana na mageuzi ya uchumi yaliyowatoa mamia ya mamilioni ya watu vijijini kwenda kufanya kazi katika miji ya pwani, wengi wao wakiwaacha watoto kwa babu na nyanya. Kwa baadhi ya watoto hao, sikukuu ndiyo wakati pekee katika mwaka ambapo baba na mama wako ndani ya nyumba. Kuna watoto wadogo ambao siku za kwanza humwonea haya mama yao wenyewe, na siku wanapomzoea ndiyo siku anayofunga mizigo. Mwanzoni mwa mwaka 2008, dhoruba za theluji zilipokata reli na umeme kusini mwa nchi, mamia ya maelfu ya wafanyakazi walikwama kwenye kituo cha treni cha Guangzhou, wakasimama siku na usiku kwenye mvua na baridi badala ya kurudi mabwenini. Na tarehe 23 Januari 2020 mji wa Wuhan ulifungwa kwa sababu ya virusi vya korona, mkesha ukiwa ni kesho yake, na familia nyingi zikala usiku ule zikiwa zimepungukiwa watu.

Serikali nazo zimewahi kujaribu kuihamisha au kuizima sikukuu hii. Kuomintang, chama kilichotawala China wakati huo, kuelekea mwaka 1930 kilitaka kufuta kalenda ya jadi. Na mnamo Januari 1967, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya kung'oa mambo ya kale, likizo yake ilisitishwa nchi nzima, watu wakatakiwa kubaki kazini, na kuabudu wahenga kukahesabiwa kuwa ushirikina. Karatasi nyingi za koo na vibao vingi vya majina viliteketezwa miaka ile. Waliozificha walizitoa baadaye, na wasio nazo wakaandika upya majina waliyoyakumbuka wazee. Likizo ikarejeshwa, mwaka 1999 ikaamuliwa iwe ya wiki nzima kwa kuunganisha siku, na Desemba 2024 UNESCO ikaiandika sikukuu hii katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Uamuzi ulionifurahisha zaidi ni mwingine, ambao haukuvuma sana nje ya China: kuanzia mwaka 2025 siku ya mkesha imewekwa katika sheria kuwa siku ya mapumziko, baada ya kipindi ambacho haikuwemo na watu waliokuwa kazini walilazimika kuomba ruhusa ili waiwahi meza. Waliopitisha jambo hilo walijua nyumba zao.

Sikukuu hufungwa siku ya 15, usiku wa mwezi kamili, kwa taa na vidonge vitamu vya mchele wa kunata, ingawa kufikia hapo wengi wamekwisharudi makazini na vidonge hivyo huliwa mabwenini.

Niwageukie vijana kwa maneno ya mwisho. Wakati wa sikukuu chuo kitakuwa kitupu, maduka mengi na mikahawa ya jirani itafungwa kwa siku kadhaa, na mwanafunzi asiyejiandaa hulala njaa katikati ya shangwe za wengine. Nunueni chakula mapema. Mkialikwa nyumbani kwa mwenzenu, fahamuni kwamba mwaliko wa siku ya tatu au ya nne ni ukarimu, lakini mwaliko wa mkesha ni kutiwa katika hesabu ya familia, na hauombwi wala haukataliwi bila sababu nzito. Bebeni matunda au kitu kutoka nyumbani, kama kahawa, chai au karafuu, kwa idadi ya shufwa lakini isiwe nne, na msipeleke saa wala kitu kilichofungwa kwa karatasi nyeupe, maana hivyo huambatana na msiba. Pokeeni bahasha kwa mikono miwili na msiifungue mbele ya aliyeitoa. Mlio Waislamu, mwambieni mwenyeji tangu anapowaalika kwamba hamli nguruwe, kwa kuwa ndiyo nyama ya kawaida katika jiaozi. Hamtamuudhi hata kidogo, kwani China ina mamilioni ya Waislamu na kila mama wa kaskazini anajua kujaza kwa mayai na vitunguu majani, au kwa nyama ya kondoo na karoti. Ila semeni mapema, asije akagundua usiku ule ule mbele ya meza iliyokwisha kuandaliwa. Na mkiitwa kufunga jiaozi, kaeni mfunge, hata kama mikono haijazoea.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Niko tayari kupokea maswali, na najua kwamba ya chakula yatakuwa mengi.